Kamioni kubwa za zima-moto za viwanda: zinafaa kwa mji?

Kila mara nyumba za mbao zinapoungua katika kata yenye kubanana, wakaaji wanarudilia swali lile lile: kamioni ya zima-moto iko wapi? Wengine wanaongeza: juu ya nini serikali isinunue zile kubwa kabisa, zenye kumwaga maji kama mto? Swali ni la haki, maana familia inaweza kupoteza vyote kwa saa moja. Lakini zile kamioni kubwa zilitengenezwa kwa moto wa namna ingine.

Nguvu ya kamioni ya zima-moto haipimwi kwa urefu wala kwa hesabu ya magurudumu. Inapimwa kwa pampu: lita ngapi kwa dakika. Kule Marekani, kamioni ya kawaida ya mji inasukuma lita kama 5,700 kwa dakika. Zile za viwanda, zinazokaa karibu na bandari na viwanda vya kusafishia mafuta, zinaanzia lita 11,000 hivi, na zingine zinapita 23,000.

Hesabu inaonyesha sababu. Tangi la mafuta lenye upana wa mita 60 likishika moto juu yote, ni mita za mraba zaidi ya 2,800 zinazowaka. Kipimo kinachofuatwa katika kazi hiyo ni lita 6.5 za maji yaliyochanganywa na dawa ya povu kwa kila mita ya mraba, kila dakika. Hiyo inafika lita zaidi ya 18,000 kwa dakika, bila kukatika, kwa saa moja na zaidi. Maji peke yake hayasaidii sana pale: mafuta yanaelea juu yake na kuendelea kuwaka, hata yanaweza kufurika na kupeleka moto mbali. Povu njo linayafunika na kuyakatia hewa.

Nyumba haiwaki hivyo. Tuyo moja ya kuingia nayo ndani inatoa lita 500 au 600 kwa dakika, na mbili ao tatu zikifika mapema zinaweza kuokoa nyumba na zile za jirani. Kamioni ya kawaida ya Marekani inabeba lita kama 1,900 tu ndani ya tangi lake. Kwa tuyo moja, ni dakika tatu hivi za kazi. Pampu ya lita 23,000 ingemaliza tangi lile kwa sekunde tano. Pampu haizai maji. Inasukuma yale imepewa.

Kuna mji uliojaribu kweli: New York. Mwaka 1965 ulipokea mashine iliyoitwa Super Pumper, iliyojengwa na Mack kwa wazo la William Francis Gibbs, yule aliyechora meli ya abiria SS United States. Mota yake ya mazutu, Napier-Deltic ya Uingereza, ilikuwa ya aina inayotumika kwenye mashua za kivita na garimoshi, yenye nguvu za farasi 2,400. Ilisukuma lita zaidi ya 33,000 kwa dakika kwa presha ya bar 24. Ilikuwa kama mashua ya zima-moto inayotembea barabarani. Haikutembea peke yake: nyuma yake kulikuwa kamioni ya kubeba tuyo nene na mzinga mkubwa wa maji, na magari mengine matatu yaliyoitwa satelaiti.

Ilifanya kazi. Mpaka ilipopumzishwa mwaka 1982 ilikuwa imeitwa zaidi ya mara 2,200. Lakini New York ni mji wenye mito na bahari pande nyingi, na wenye mabomba makubwa chini ya barabara; Super Pumper iliweza kunyonya kwenye haidranti nane kwa mara moja. Hata hivyo, ilipozeeka, mji haukununua ingine kama ile. Ulibakiza wazo la satelaiti, yaani gari lenye tuyo nene na mzinga, likifungwa kwenye kamioni za kawaida zenye pampu nzuri kuliko zile za zamani.

Penye mabomba membamba, hatari inakuwa kubwa zaidi. Pampu ikiomba maji mingi kuliko yale bomba linaweza kutoa, presha inaanguka mtaa mzima, kamioni zingine zinabaki bila maji, na maji machafu yanaweza kunyonywa ndani ya mabomba ya kunywa. Marekani kwenyewe haidranti nyingi zinapakwa rangi kulingana na nguvu yake: buluu ni zaidi ya lita 5,700 kwa dakika, nyekundu ni chini ya 1,900. Kumbe pampu moja ya lita 23,000 inaweza kutaka buluu nne.

Njia ya katikati ni kutumia kwa pamoja. Kandokando ya mfereji wa meli wa Houston, viwanda viliungana katika shirika la kusaidiana, CIMA, ili mashine kubwa za mmoja zisaidie wote. Uingereza serikali ilinunua pampu kubwa na kuzigawanya kwenye vituo mbalimbali vya nchi. Zilikusanywa kwa moto wa depo ya Buncefield, Desemba 2005, na mwaka 2007 zilifanya kazi ya kuondoa maji ya mafuriko.

Kivu inajua aina zote mbili za moto. Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange, kamioni ya mafuta ilipinduka na kuwaka, watu zaidi ya 230 wakafa. Moto wa namna ile unataka povu karibu na watu kukaa mbali, na depo za mafuta njo pahali pa kwanza pa kuulizia pampu kubwa. Kwa nyumba za mlimani hali ni ingine. Ziwa Kivu liko na maji ya kutosha, lakini kila mita 10 za kupanda zinakula bar moja ya presha. Mita 100 juu ya ziwa, kama vile Bukavu inavyopanda, zinakula bar 10, karibu nguvu yote ya pampu ya kawaida. Kulazimisha presha zaidi kunaweza kupasua tuyo. Wazima-moto wanajua dawa yake: pampu ndogo moja kando ya maji, ingine katikati ya mlima, ya tatu juu, kila moja ikisukumia ingine, na tuyo nyembamba zikiingia kwenye vichochoro ambamo kamioni yoyote haipiti.