Vita na Mamlaka katika Nchi za Meru na Embu

Vita na mamlaka katika nchi za Meru na Embu ni sehemu ya tarikh ya Kenya inayohusu namna wenyeji wa miteremko ya mashariki na ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya, pamoja na safu ya Nyambene, walivyopigana, walivyosuluhishana na walivyojitawala tangu karne ya 18 mpaka walipotiwa chini ya serikali ya Kiingereza baina ya mwaka 1906 na mwaka 1913. Wenyeji hao ni Wameru, ambao hugawanyika katika Waimenti, Watigania, Waigembe, Waigoji, Wamwimbi, Wamuthambi, Watharaka na Wachuka, na jirani zao Waembu na Wambeere.

Mtu aliyesoma tarikh ya Ulaya ya zama za kati, akamkuta Edward wa Tatu wa Uingereza akidai mwaka 1337 kwamba taji la Ufaransa ni urithi wake kwa upande wa mama, na kwa ajili ya dai hilo watu wa falme mbili wakauana hata mwaka 1453, aweza kudhani kwamba pasipo mfalme hapana vita vyenye taratibu wala mamlaka yenye heshima. Nchi za Meru na Embu zakanusha dhana hiyo kwa ushahidi ulio wazi, maana huko hapakuwa na taji la kugombewa wala nasaba ya kifalme, na hata hivyo vita vilikuwa na sheria zake, na amri ya wazee ilitiiwa na vijana wenye mikuki mikononi.

Asili

Mapokeo ya Wameru yasema kwamba wahenga wao waliishi Mbwaa, mahali penye maji pande zote, ambapo baadhi ya wanahistoria, akiwemo Jeffrey Fadiman, hupaweka katika visiwa vya Lamu karibu na Manda. Huko walitawaliwa na watu waliojulikana kwa jina la Nguo Ntuune, yaani wavaao nguo nyekundu, ambao waliwaonea kwa kuwataka watimize mambo yasiyowezekana, kama vile kutengeneza kiatu chenye manyoya ndani na nje, na kufua mkuki wa kufika mbinguni. Kiongozi wao Koomenjoe aliwatoa usiku, akayapiga maji kwa fimbo yakapasuka, wakavuka. Na waliovuka gizani, waliovuka alfajiri na waliovuka jua likiwa limechomoza ndio asili ya makundi matatu ya koo, Njiru, Ntuune na Njeru. Waembu wao hujinasibisha na Mwenendega na mkewe.

Mugwe

Aliyekaribia zaidi kuitwa mfalme katika nchi ya Meru alikuwa Mugwe, na habari zake zinajulikana vema kwa sababu Padri Bernardo Bernardi wa shirika la Consolata alizikusanya kwa subira kubwa na kuzitia katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1959. Mugwe hakuwa mmoja kwa nchi nzima, bali kila upande, kama vile Imenti, Tigania, Igembe, Tharaka na Chuka, ulikuwa na wake, aliyetoka katika ukoo maalumu na kupokea kazi hiyo kwa urithi, sharti awe mtu mwenye mwili usio na kilema, mwenye mke, na mwenendo usio na lawama. Hakuwa na jeshi wala gereza, wala hakutoza ushuru. Chakula chake na pombe ya asali aliletewa na watu kwa hiari yao, kwa kuwa waliamini kwamba baraka ya mavuno, ya mifugo na ya uzazi hupitia kwake.

Mamlaka yake yote yalikuwa katika mkono wa kushoto. Mkono huo, kwa mapokeo ya Imenti, ulishika kiragu, ambacho ni alama ya uwezo wake, na siku zote aliufunika kwa vazi lake asiuone mtu, kwani iliaminika kwamba atakayeuona atakufa. Kwa mkono huo alibariki, na wazee walimweleza Bernardi kwamba adui akivamia nchi ilimtosha Mugwe kuuinua tu, na adui akasimama pale alipo. Wataalamu wa Ulaya wameandika mengi juu ya jambo hili, hususan Rodney Needham katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1960, kwa kuwa katika mataifa mengi mkono wa kulia ndio wa heri, na hapa heri imekaa kushotoni.

Lililo kubwa zaidi kwa maudhui yetu ni kwamba mtu huyu mtukufu hakwenda vitani. Vijana walipokusudia safari ya kuteka ng'ombe walikuja kuomba baraka yake, na aliponyima baraka safari ilikuwa na hofu ndani yake. Lakini yeye mwenyewe hakushika mkuki wala hakumwaga damu. Henry wa Tano alisimama matopeni Agincourt mwaka 1415 katikati ya askari wake, na Yohana wa Pili wa Ufaransa alitekwa Poitiers mwaka 1356 akipigana kwa mkono wake mwenyewe, maana kwao mfalme asiyepigana alidharauliwa. Wameru walitenga utukufu na silaha wakavikabidhi kwa watu mbalimbali, na kutenga huko kuliwahifadhi na balaa la nchi nzima kuangamia kwa kiburi au ujinga wa mtu mmoja.

Vijana wa gaaru na taratibu za vita

Upiganaji ulikuwa kazi ya rika moja kwa zamu yake. Vijana waliotahiriwa pamoja, ambao huitwa nthaka, waliishi katika gaaru, nyumba kubwa ya wapiganaji iliyojengwa mahali pa kuonea mbali, wakalala humo, wakalinda mifugo ya ukingo wao, na kungoja amri. Hawakuruhusiwa kuoa mpaka rika lao lilipostaafu vita, na kwa hiyo ng'ombe waliotekwa walikuwa ndio akiba ya mahari ya baadaye. Ukiliangalia jambo hili sawasawa utaona kwamba aghalabu mavamizi ya vilima vya Meru yalikuwa ni vijana wakitafuta njia ya kuwa watu wazima, si taifa likitafuta kulifuta taifa jingine.

Silaha zao zilikuwa mkuki, sime, rungu na ngao ya ngozi ngumu, na kwa muda mrefu waliiga mitindo ya Wamasai, ambao walikuwa adui zao na walimu wao kwa pamoja. Mabaki ya Walaikipia waliovunjwa na Wamasai wenzao katika miaka ya 1870 wengine walikuja kumezwa na koo za Meru. Watharaka na Wambeere wa nyika za chini walitegemea upinde na mishale ya sumu. Wachuka waliuacha msitu mnene usimame kandokando ya nchi yao, wakafanya vijia vyembamba vya kupitia, vilivyolindwa, hata mgeni asiyejua njia alizunguka nje bila kuona mji.

Safari ya vita ilitanguliwa na wapelelezi, kisha mganga akatazama dalili njema na mbaya, na vijana wakatoka usiku ili wafike zizini kabla ya mapambazuko. Mshindwa hakulazimika kufa. Mpiganaji aliyezidiwa aliweza kuweka silaha chini na kupiga kelele kwamba achukuliwe kwa ng'ombe, na aliyemshinda alipaswa kumpokea akiwa hai, akamweka kwake, mpaka baba wa mateka alipoleta mifugo ya fidia iliyokubaliwa. Wanawake na watoto aghalabu walichukuliwa wala hawakuuawa, na wengi wao walifanywa wana wa nyumba. Wafaransa na Waingereza walikuwa na desturi iyo hiyo, na fidia ya Mfalme Yohana wa Pili iliyoafikiwa katika sulhu ya Brétigny mwaka 1360 ilikuwa sarafu za dhahabu 3,000,000, mzigo ambao ulimwangukia mkulima wa Ufaransa asiyehusika hata kidogo. Fidia ya Meru ililipwa na zizi la baba wa aliyetekwa, na mambo yakaishia hapo.

Fauka ya hayo palikuwapo gichiaro, udugu wa kiapo baina ya ukoo na ukoo au kabila na kabila, ambao ulikataza kabisa damu kumwagika kati ya pande mbili. Mtu wa gichiaro hakudanganywa, hakunyimwa alichokiomba, wala hakudhuriwa hata akikutwa peke yake porini, na waliovunja mwiko huo waliogopa laana kuliko walivyoogopa mikuki. Hakuna jambo katika tarikh ya watu hawa linalostahili kusifiwa kuliko hili, kwani amani yake haikuhitaji mlinzi.

Embu

Waembu nao walitawaliwa na kiama, yaani baraza la wazee, na marika, na vizazi vyao viwili, Nyangi na Kimanthi, vilipokezana uongozi katika sherehe ya nduiko. Walijulikana kwa ushupavu, na waliwasumbua sana jirani zao wa Gichugu, Ndia na Mbeere.

Njuri Ncheke

Juu ya viama vya vijiji vya Meru lilikuwako baraza la Njuri, na ndani yake wateule wachache wa Njuri Ncheke, walioamua kesi za ardhi, za damu na za mipaka, na ambao aghalabu ndio waliowazuia vijana wasitoke au wakaomba sulhu baada ya vita. Uongozi wa rika zima nao ulikuwa wa zamu baina ya pande mbili, Kiruka na Ntiba, katika sherehe ya ntuiko, na waliopitwa na zamu yao waliketi kando bila kupigania kubaki. Edward wa Tatu na warithi wake hawakulijua neno la kuketi kando. Wafalme wa Uingereza waliendelea kujiita wafalme wa Ufaransa mpaka mwaka 1801, miaka zaidi ya 300 baada ya kushindwa.

Kuingia kwa Waingereza

Mwisho wa karne ya 19 ulizikuta nchi hizi katika dhiki. Sotoka iliwaua ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, kisha ikaja njaa kuu pamoja na ndui, na Wakamba wengi wakapanda milimani kutafuta chakula, hata wengine wakawaweka watoto wao rehani. Wageni walikwisha kupita kabla ya hapo, akiwemo William Astor Chanler, Mmarekani aliyefika Nyambene mwaka 1892, na misafara ya waungwana wa pwani iliyofuata pembe za ndovu.

Mwezi wa Juni 1906 askari wa Keya, yaani askari Waafrika wa jeshi la Kiingereza, wakifuatana na wasaidizi wa makabila jirani ambao walikuwa na visasi vya zamani, waliingia Embu. Serikali ilitoa hoja kwamba Waembu waliwavamia watu walio chini ya ulinzi wake na kudharau amri zake. Mikuki na ngao zilikutana na bunduki, na katika siku chache mamia ya watu waliuawa, mifugo kwa maelfu ikachukuliwa, na ngome ikajengwa pale ambapo leo ni mji wa Embu. Hapakuwa na yeyote wa kupigiwa kelele kwamba achukuliwe kwa ng'ombe, maana ng'ombe walichukuliwa hata hivyo. Msiba huu, uliofanywa kwa jina la mfalme Edward wa Saba, unastahili nafasi kubwa zaidi katika vitabu vya shule kuliko mistari michache unayopewa.

Habari zake zilipanda milimani haraka. Edward Butler Horne, afisa wa serikali ya Kiingereza, alipofika Imenti na askari wachache, vijana wa gaaru walitaka kupigana, lakini wazee, ambao walikwisha kusikia yaliyowapata Waembu, walishauriana wakaamua kumpokea, na vijana wakatii. Kituo cha Meru kikafunguliwa mwaka 1908. Kwa kuwa Horne hakutulia mahali pamoja, akitembea kila ukingo kwa miguu, wenyeji walimpa jina la Kangangi, na kwa jina hilo anakumbukwa zaidi kuliko kwa lake. Alipiga marufuku mavamizi, akawatoa vijana katika kazi ya vita akawatia katika kazi ya barabara, na akatafuta mtu wa kumwamrisha. Alipokosa mfalme, serikali ilifanya machifu, wengine wao watu wasiokuwa na daraja yoyote katika kiama, na malalamiko ya zama zile mengi yametokana na kosa hilo. Chuka ilipata kituo chake mwaka 1913 chini ya Granville Orde-Browne, ambaye baadaye aliandika kitabu juu ya makabila ya upande huo. Mwaka uliofuata vilianza vita vya Wazungu, na vijana wa Meru na Embu wakachukuliwa kuwa wapagazi katika kikosi kilichoitwa Kariakoo, kupigania wafalme wasiowajua.

Wamisionari, Wamethodisti wa Kaaga na mapadri wa Consolata miongoni mwao, walimpunguzia Mugwe wafuasi, na Bernardi alimkuta akiwa katika machweo ya heshima yake. Njuri ilidumu. H. E. Lambert, mtawala wa wilaya katika miaka ya 1930 na mwanzo wa miaka ya 1940, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa uchunguzi wake wa lahaja za Chijomvu, Kivumba na Chichifundi, alitambua kwamba amri za machifu hazishiki pasipo idhini ya wazee, akaliingiza baraza katika kazi za serikali.

Baada ya hapo

Katika vita vya Mau Mau viongozi waliotoka upande huu ni pamoja na Musa Mwariama, aliyetoka msituni akiwa hai na kufariki mwaka 1989, na Baimungi. Mwezi wa Juni 1953 askari wa Keya waliwaua raia wapatao 20 huko Chuka. Mwaka 1956 Njuri Ncheke ilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana, na wasichana wengi wakaikaidi amri hiyo.

Makao ya Njuri Ncheke yako Nchiru, Tigania, katika jirani ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, ambacho kimejengwa juu ya ardhi iliyotolewa na baraza hilo. Ofisi ya zamani ya mtawala wa wilaya mjini Meru ni makumbusho, na humo huonyeshwa silaha na mavazi ya zamani. Wanasiasa bado huenda kuomba baraka ya wazee kabla ya uchaguzi.