Jua la Kuanikia na Jua la Kusafiria

Karibu na mji wa Chake Chake, katika kisiwa cha Pemba, pana mahali paitwapo Gombani. Uwanja wake wa michezo umelifanya jina hilo lijulikane hata na watu wasiopata kukanyaga kisiwa. Mwezi wa Januari, 2025, Kombe la Mapinduzi liligombaniwa hapo na timu za mataifa, na Zanzibar ikalitwaa kwa kuishinda Burkina Faso mabao 2 kwa 1. Watazamaji waliziona dakika 90 za mchezo. Miezi ya mazoezi hawakuiona, wala hapana mtu aliyeipigia makofi. Hiyo ndiyo desturi ya mashindano yote: yanayoonekana ni machache, na yaliyoyazaa yamefichika.

Juu ya uwanja huo hupita jua ambalo Wapemba wamelitumikisha kwa vizazi vingi. Msimu wa karafuu ukiwadia, majamvi hutandazwa uani na kando ya njia, karafuu zilizokwisha kuchambuliwa na makonyo yake zikaanikwa juu yake mpaka zigeuke rangi na kukauka barabara. Kazi hii huonekana nyepesi machoni pa mpita njia. Mwenye karafuu hajidanganyi hivyo. Anajua kuwa jamvi dogo haliwezi kupokea mavuno makubwa. Anajua kuwa saa za adhuhuri hazirudi zikipita. Na wingu jeusi likitokea upande wa bahari, hukimbia kukusanya kabla tone la kwanza halijaanguka, kwa kuwa karafuu iliyonyeshewa hupotewa na thamani. Nafasi ya kulipokea jua, wakati wa kulitumia, na ulinzi wa kilichokwisha kupatikana: mambo haya matatu ni elimu ya uani Pemba. Ndiyo pia elimu ya chombo kigeni kabisa, yaani gari liendalo kwa nguvu za jua.

Mfaransa Edmond Becquerel aligundua mwaka 1839 kuwa mwanga waweza kuzaa umeme. Ugunduzi huo ulikaa miaka mingi kama mbegu ghalani. Mwaka 1954 wataalamu wa maabara za Bell, huko Marekani, walionyesha kipande cha silikoni kilichogeuza sehemu 6 hivi katika 100 za nguvu za jua kuwa umeme. Mwaka uliofuata, mjini Chicago, William Cobb wa kampuni ya General Motors alionyesha kigari kisichofika nusu mita kwa urefu, kikienda kwa mwanga tu. Walioona walistaajabu, lakini hapana aliyeweza kukipanda. Mtu wa kusafiri kwa jua alikuwa bado hajapatikana.

Alipatikana Australia. Tarehe 19 Desemba, 1982, Hans Tholstrup, Mdenmark aliyehamia nchi hiyo, na mwenziwe Larry Perkins waliondoka Perth kwa gari la jua, wakavuka bara zima, wakaingia Sydney tarehe 7 Januari, 1983. Safari ya kilomita 4,000 hivi ilikwisha katika muda usiotimia siku 20. Tholstrup hakuridhika na sifa ya mtu mmoja. Mwaka 1987 mashindano aliyoyaanzisha yalifanyika kwa mara ya kwanza, kutoka Darwin kaskazini hadi Adelaide kusini, mwendo wa kilomita 3,000 hivi. Gari la General Motors, Sunraycer, lilishinda kwa wastani wa kilomita 67 hivi kwa saa. Fedha na wahandisi wa kampuni kubwa vilikuwa nyuma yake, na mtu angaliweza kudhani kuwa mchezo huu ni wa matajiri peke yao.

Mwaka 2001 dhana hiyo ilitikiswa. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi, walifika Australia kwa mara ya kwanza na gari lao Nuna, wakashinda. Kweli, walikuwa na seli za jua zilizotengenezwa kwa ajili ya satelaiti, na mtu asiwafanye maskini wa hadithi. Lakini walikuwa wanafunzi, si waajiriwa wa kiwanda. Mwaka 2005 gari lao la tatu lilikwenda kwa wastani wa zaidi ya kilomita 102 kwa saa. Wenye mashindano walipoona mwendo unazidi, wakalikata jamvi. Eneo la paneli lililokuwa mita za mraba 8 lilipunguzwa mwaka 2007 kuwa 6, na mwaka 2017 likawa 4 kwa paneli za silikoni. Mita 4 za mraba, jua likiwa utosini, hutoa umeme wa wati 1,000 hivi au pungufu kidogo, kadiri ya umeme unaoliwa na pasi moja ya kunyoshea nguo. Kwa nguvu za pasi moja mtu huvuka bara! Siri haimo katika wingi wa nguvu, imo katika uchache wa upotevu: umbo lisilopigana na upepo, magurudumu mepesi, mota isiyofuja, na betri inayotunza akiba ya saa njema kwa ajili ya saa mbaya.

Lakini kabla ya bara huja mchujo. Hapo ndipo timu nyingi za wanafunzi humwaga machozi yao. Wakaguzi hulipima gari, hukagua breki, usukani, taa, nyaya na betri. Dereva hupimwa uzito, na asiyetimiza kilo 80 huongezewa mizigo, ili wembamba wa mwili usiwe faida ya mbio. Hutakiwa pia aweze kutoka garini upesi bila msaada, kwa sababu gari likishika moto halingoji mlango ufunguliwe kwa adabu. Kisha gari hukimbizwa katika njia ya mashindano ya Hidden Valley, karibu na Darwin, na muda wake huamua nani atangulie siku ya kuondoka. Huko Marekani timu hutakiwa kutimiza idadi maalumu ya mizunguko uwanjani kabla ya kuruhusiwa kuingia barabarani. Hivyo yawezekana wanafunzi wafanye kazi mwaka mzima, wakose usingizi, wakope zana, na breki moja yenye ila iwarudishe nyumbani. Hukumu hiyo ni kali, lakini si dhuluma. Barabara ingehukumu kwa ukali zaidi, na adhabu yake ingekuwa damu.

Bara la Afrika halikubaki nje ya njia hii. Afrika ya Kusini ilianza mashindano yake ya magari ya jua mwaka 2008, na vyuo vikuu vyake vikaunda magari ya kushindana na wageni. Katika Afrika ya Mashariki njia ilikuwa nyingine. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilishirikiana na wanafunzi wa vyuo vya nchi nyingi, chini ya uongozi wa chuo cha MIT cha Marekani, katika kubuni gari la watu watano liitwalo Vision 200, lililoundwa Turin, Italia, karibu na mwaka 2008. Mtu aliyealikwa katika shamba la mwenziwe aweza kurudi na shibe ya siku moja, au aweza kurudi na mbegu. Wanafunzi na walimu wa Makerere, na miongoni mwao Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa na mhandisi Paul Isaac Musasizi, walirudi na mbegu. Mwezi wa Novemba, 2011, gari lao la umeme la watu wawili, Kiira EV, lilikwenda kwa magurudumu yake lenyewe.

Kisha, mwezi wa Februari, 2016, basi la Kayoola lilionyeshwa kwa watu mjini Kampala. Mahali palipochaguliwa palikuwa uwanja wa michezo wa Mandela, Namboole: uwanja kama wa Gombani, ambamo matayarisho ya siri hutolewa mbele ya macho ya wote. Lilikuwa na viti 35, paneli za jua juu ya paa, na betri mbili, moja ikipata chakula chake kwa jua na ya pili kwa umeme wa kawaida. Liliweza kwenda kilomita 80 hivi. Huo ulikuwa mchujo wa namna yake. Huko Australia swali ni hili: gari hili laweza kukimbia? Huko Namboole swali lilikuwa jingine: laweza kumchukua mama na mzigo wake kwenda sokoni, na kumrudisha?

Jawabu lilikuja kwa hesabu, na hesabu haina upendeleo. Paa la mita za mraba 20, likitandazwa paneli lote, hutoa adhuhuri wati 4,000 hivi, na basi lililojaa watu huhitaji mara kadhaa ya hizo likiwa mwendoni. Kwa hiyo mabasi ya Kayoola yaliyofuata, yaliyotengenezwa kwa ajili ya abiria wa mjini, yaliacha kutegemea paa na kushiba kwa umeme wa vituo. Wako watakaosema kuwa basi la mwaka 2016 lilishindwa. Mwenye karafuu hasemi hivyo. Yeye hajapata kuanika mavuno yake juu ya kofia aliyoivaa. Huyaanika chini, penye nafasi. Jua la kulisha mabasi nalo lataka jamvi pana, yaani uwanja wa paneli karibu na kituo, si paa la chombo peke yake. Basi lile lilifundisha hivyo kwa uzoefu, na somo lililonunuliwa kwa kazi ya mikono hukaa kuliko lililosikiwa.

Jambo hili lina uzito Pemba kuliko mahali pengi. Kisiwa kiliwashwa miaka mingi kwa mitambo ya dizeli iliyokuwako Wesha, kila pipa likivuka bahari kabla ya kuwa mwanga. Mwaka 2010 waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, uliolazwa kwa msaada wa Norwe, uliondoa dhiki hiyo, na kheri yake haikanushiki. Hata hivyo, waya mmoja ni mshipa mmoja. Unguja ilionja uchungu wa mshipa mmoja mwaka 2008, ilipokaa gizani kwa muda wa mwezi mmoja, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Nguvu zisizohitaji kuvuka bahari ni zile zinazoshuka juu ya majamvi.

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Gari la wanafunzi, lishinde au lirudishwe mchujoni, mwisho wake hukaa ghalani na vumbi likaliangukia. Wanaobaki ni wale walioliunda: waliopima breki usiku, waliohesabu wati kama mfanyabiashara ahesabuvyo senti, waliojifunza kuungama kosa mbele ya mkaguzi. Mbegu ya Makerere ilikuwa watu hao, na gari lilikuwa ganda lake. Watoto wanaotoroka jua la Gombani na kukaa kivulini mwa jukwaa ni wajukuu wa watu waliojua kusoma wingu na kupima jamvi. Elimu hiyo haikuandikwa kitabuni, lakini ni elimu. Siku itakapokutana na silikoni na hesabu, mchujo utawakuta wamekwisha kuanza zamani matayarisho yao.