Wapagazi wa Picha: Sisi Tulikuwa Wapi katika Historia ya Sinema?



Wapendwa waamini, tafakari ya juma hili inahusu jambo ambalo huenda wengine wenu hamkutazamia kulikuta hapa, nalo ni historia ya sinema. Kijana mmoja wa parokia, mwanafunzi wa chuo, anasoma somo hilo. Ameniandikia kwamba amejifunza habari za ndugu Lumière, waliowaonesha watu wa Paris picha zitembeazo kwa kiingilio tarehe 28 Desemba 1895, na habari za Hollywood na mabwana wake. Mwishoni mwa barua yake aliuliza: “Padre, katika muda wote huo, sisi tulikuwa wapi?”

Swali hilo halihusu mtihani peke yake. Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Kijana akiamini kwamba watu wake hawakuwapo jambo lilipoanza, atadhani pia kwamba hana neno la kusema juu yake leo. Basi tumjibu pamoja, nasi tukaao Ziba, katika nchi ya Wanyamwezi, tuna mfano wa kutusaidia. Tulikuwapo katika sinema kama mpagazi alivyokuwapo katika msafara. Mzigo ulikuwa begani mwake, naye alitembea kila hatua, lakini kitabu cha safari kilipoandikwa, jina lililowekwa juu ya jalada lilikuwa la mwingine.

Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita Tabora. Burton na Speke walifika huko, mahali walipopaita Kazeh, mwezi Novemba 1857. Stanley alifika mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na baada ya kumkuta Ujiji walirudi pamoja hadi Kwihara mwezi Februari 1872. Livingstone alikaa hapo hadi Agosti, akiwasubiri wapagazi wapya kutoka pwani. Tembe la Kwihara ni nyumba ya makumbusho hadi leo, na wengi wenu mmeliona.

Mwaka 1939 kampuni moja ya Hollywood ilitoa filamu juu ya safari hiyo. Kikosi kilitumwa Afrika Mashariki kupiga picha za nchi na za misafara, lakini Spencer Tracy, aliyecheza nafasi ya Stanley, alibaki California. Nchi yetu na watu wetu vilikuwa pazia la nyuma. Jina la filamu lenyewe, Stanley and Livingstone, latuambia hadithi ilikuwa ya nani, kwani lina majina mawili na yote ni ya wageni. Hata hivyo, Livingstone alipofariki mwaka 1873, Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake safari ya miezi mingi, wakapita hapa Unyanyembe, wakaufikisha Bagamoyo mwezi Februari 1874. Ni nani basi aliyekuwa shujaa wa safari hiyo?

Ilipita miaka hamsini na moja zaidi. Mwaka 1990 ilitoka filamu juu ya Burton na Speke, Mountains of the Moon, ambayo sehemu zake za Afrika zilipigwa Kenya. Humo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na baadaye akawa kiongozi wa misafara, ana jina na ana sauti, naye alichezwa na Mkenya, Paul Onsongo. Bado ni hadithi ya Waingereza wawili, lakini mpagazi alikuwa ameanza kuitwa kwa jina.

Sura ya pili ya jibu letu iko Vugiri, katika milima ya Usambara. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika. Lilianzishwa na Baraza la Kimataifa la Misioni, la ndugu zetu Waprotestanti, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walioendesha kazi ni Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham. Walitengeneza filamu zipatazo 35 juu ya kilimo, mifugo, safura, malaria ya watoto na kodi. Mojawapo ilikuwa juu ya faida ya kuweka akiba benki ya posta: mtu mmoja alifukia fedha zake ardhini zikaibwa, na mwenzake aliyezipeleka posta akafaidika. Picha zenyewe hazikuwa na sauti. Maneno yalirekodiwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali za Afrika Mashariki na ya Kati, Kiswahili kikiwa mojawapo, na lori likazunguka vijijini likiwa na mashine na pazia jeupe.

Wachezaji wengi walikuwa watu wa huku huku, na baadhi ya Waafrika walifunzwa kazi za ufundi. Hata hivyo mwenye kuamua nini kisemwe hakuwa Mwafrika. Mtu wetu alikuwa mwanafunzi mbele ya pazia, naye aliyemfundisha hakumwuliza kwanza anajua nini. Serikali za kikoloni zilipokataa kugharimia kazi hiyo, ilikoma mwaka 1937. Leo zinajulikana filamu tatu tu kati ya zile kuwa zimesalia, nazo zimehifadhiwa Uingereza. Wazee wetu walioingia katika zile nyingine wametoweka pamoja na utepe wenyewe, nyuso zao na majina yao.

Sura ya tatu yatuleta tena Tabora. Miaka ya mwanzo ya 1950 zilianza kupigwa Tanganyika filamu za hadithi za Kiswahili, kwa ushirikiano wa serikali na kampuni moja ya Afrika Kusini. Katika Muhogo Mchungu, mchezaji mkuu alikuwa kijana aliyesoma katika shule ya serikali ya Tabora, Rashidi Mfaume Kawawa, mtumishi wa idara ya ustawi wa jamii. Alicheza pia katika nyingine, kama Chalo Amerudi. Mwaka 1953 tunamkuta Urambo, katika mkoa wetu huu, akihudumia Wakikuyu waliozuiliwa huko wakati wa Mau Mau. Mwaka 1955 akawa katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na mwezi Januari 1962 Waziri Mkuu wa Tanganyika. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009.

Sisemi kwamba sinema ndiyo iliyompa uongozi. Lakini tazameni mabadiliko haya. Watu walioketi mbele ya pazia sasa walimwona mwenzao, akisema lugha yao, wakamjua kwa jina. Baada ya uhuru hatua ziliendelea. Serikali iliunda kitengo chake cha filamu, na mwaka 1968 ikaundwa Kampuni ya Filamu Tanzania. Mwaka 1985 ilitoka Arusi ya Mariamu ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill. Mwaka 2021 Amil Shivji alitoa Vuta N'Kuvute, kutokana na riwaya ya Mzanzibari, Adam Shafi. Msafara ulikuwa umeanza kuongozwa na wenyeji.

Na Kanisa je? Tarehe 29 Juni 1936, wakati kazi ya Vugiri ikiendelea, Papa Pius XI alitoa waraka Vigilanti Cura juu ya sinema. Sehemu kubwa ya waraka huo ni onyo, kwa kuwa alizihofia filamu zinazopotosha maadili, na hofu hiyo ilikuwa na sababu. Lakini alitambua pia nguvu yake ya kufundisha mema. Mwaka 1957 Papa Pius XII aliandika Miranda Prorsus juu ya sinema, redio na televisheni. Na tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Inter Mirifica, uliwahimiza waamini walei wasiishie kuchagua cha kutazama, bali washiriki wenyewe kazi ya kutengeneza vilivyo vyema. Tangu mwaka 1967 tunaadhimisha kila mwaka Siku ya Upashanaji Habari Duniani.

Kwa nini paroko awasumbue kwa mambo haya? Kwa sababu imani yetu ni imani ya majina. Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake mmoja mmoja kwa jina, wala hawahesabu kama shehena. Nasi tukumbuke kwamba Mapadre Weupe walipofika Tabora mwaka 1878 wakielekea maziwa makuu, mizigo yao ilibebwa na wapagazi. Injili ilifika bara mabegani mwa watu ambao wengi wao hatuwajui, lakini Mungu anawajua.

Kwa hiyo nawaomba jambo lililo ndani ya uwezo wetu. Siku hizi kila kwaya ina video yake, kila jubilei na kila arusi hupigwa picha, na simu ya kijana yaweza kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji lori zima. Tunapopiga picha hizo, tuandike majina ya waliomo, pamoja na mama anayepika na mzee anayepiga ngoma, tukiongeza tarehe na mahali. Tusimpige picha mgonjwa au maskini bila ridhaa yake, maana naye si pazia la nyuma la wema wetu. Na nakala moja iwekwe mahali salama, yasije yakatupata yale ya Vugiri.

Nawe kijana wetu, endelea kusoma kwa bidii. Ukifika mahali katika somo lako ambapo msafara unapita na wapagazi hawana majina, simama hapo uulize ni akina nani. Huenda kazi yako maishani ikawa kulitafuta jibu.

Mungu awabariki nyote.

Paroko wenu