Daraja la Kwanza

Mjukuu wangu mmoja alikuja kututembelea Sumbawanga wakati wa Krismasi. Alikuwa amepanda ndege kutoka Dar es Salaam hadi Songwe, kisha akapanda basi kupitia Tunduma na Laela mpaka hapa nyumbani. Akiwa bado anakunywa chai akaniuliza, "Babu, hivi daraja la kwanza la ndege bado lipo? Niliona viti vichache tu mbele, na wenyewe wanaviita vya biashara." Nilimjibu kwa ufupi kwamba lipo, lakini linapungua. Jibu hilo halikuniridhisha mwenyewe. Usiku ule nililifikiria swali lake, na nikaona kwamba ili nilijibu sawasawa ni lazima nianze mbali kidogo, kabla ya ndege.

Neno daraja katika lugha yetu lina maana mbili. Daraja ni kile kinachojengwa juu ya mto ili watu wavuke. Daraja pia ni cheo, ngazi ya kumtofautisha mtu na mwenzake. Nimeishi na maana hii ya pili maisha yangu yote ya kazi. Chuoni tulifundisha walimu wa daraja A na wa daraja C, na matokeo ya mitihani tuliyabandika ubaoni kwa madaraja. Kwa hiyo siwezi kujifanya kwamba madaraja ni jambo la matajiri wa mijini peke yao. Mimi nimekuwa mtunza madaraja.

Hapa Ufipa, daraja la kwanza la safari lilikuwa machela. Kabla ya barabara na magari, ofisa au mgeni Mzungu aliyechoka kutembea alilazwa katika kitanda cha kitambaa kilichofungwa kwenye mti mrefu, na watu wakambeba mabegani. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa wabebaji hao. Ukitazama vizuri utaona kwamba machela ilikuwa na kila kitu ambacho daraja la kwanza linacho mpaka leo: nafasi ya kulala, kivuli, na watu wengi wanaofanya kazi ili mmoja apumzike. Abiria na mbebaji walipita njia moja na kufika saa moja, lakini hawakusafiri safari moja.

Kisha ikaja meli. Kila Mfipa wa rika langu anaijua Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande mpaka Kigoma, ikaelea mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili isitekwe. Mwaka 1924 iliibuliwa, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya chini ya Waingereza. Jina Liemba ni jina la zamani la sehemu hii ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Bandari yetu ilikuwa Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg. Meli hiyo ilikuwa na vyumba vya daraja la kwanza na la pili, na abiria wa daraja la tatu walikaa walipopata nafasi, kati ya magunia na matenga ya dagaa. Reli nazo zilikuwa hivyohivyo. Wakati wa ukoloni, hata bila kuandikwa mlangoni, kila mtu alijua kwamba daraja la kwanza ni la Wazungu, la pili la Wahindi, na la tatu ni letu.

Ndege ilianza kwa namna tofauti, na hapa ndipo historia inapotufundisha jambo. Mwaka 1932 shirika la Imperial Airways lilifungua njia ya kutoka London hadi Cape Town. Ndege zake zilitua Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya, kisha zikaendelea Mpika katika nchi ambayo leo ni Zambia. Maana yake zilipita jirani kabisa na nyanda zetu hizi. Lakini ndani ya ndege zile hapakuwa na haja ya kuandika daraja la kwanza, kwa kuwa hapakuwa na la pili. Aliyeweza kulipa nauli alikuwa mkubwa tayari. Mkulima wa ulezi alisimama shambani akatazama juu, basi.

Mwaka 1952 mambo mawili yalitokea katika siku mbili zinazofuatana. Tarehe 1 Mei mashirika yaliyovuka Bahari ya Atlantiki ya Kaskazini yalianza kuuza nauli nafuu, waliyoiita ya watalii. Tarehe 2 Mei ndege ya Comet ya shirika la BOAC iliondoka London kwenda Johannesburg, ikapitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Hiyo ndiyo safari ya kwanza duniani ya abiria wa kulipa nauli katika ndege ya jeti, na ilipita katika Afrika Mashariki yetu. Comet ile ilikuwa na viti 36 tu, vyote vya watu wenye uwezo. Watu wa siku hizo bila shaka walidhani kwamba jambo kubwa la wiki ile ni jeti. Mimi nadhani nauli nafuu haikuwa jambo dogo kuliko jeti, kwa sababu daraja la kwanza lilizaliwa siku ile watu wa kawaida waliporuhusiwa kuingia mlangoni. Kabla ya hapo palikuwa na abiria tu. Walipoingia wengi, ndipo wale wa mwanzo walipohitaji pazia.

Shirika letu la pamoja, East African Airways, lililoanza mwaka 1946, lilifuata mwendo huohuo. Lilipata Comet mwaka 1960 na Super VC10 mwaka 1966, ndege ambazo zilikuwa fahari ya nchi zetu tatu, zikiwa na daraja la kwanza mbele na la kawaida nyuma. Mwaka 1977 shirika lilivunjika, na Tanzania ikaanzisha lake mwaka huohuo. Tuligawana ndege na madeni. Madaraja hayakuhitaji kugawanywa, kila nchi ilibaki nayo.

Sasa nieleze jambo langu mwenyewe, ambalo kwa miaka mingi sikulisimulia.

Mwaka 1981 nilihamishwa kutoka mkoa wa Kigoma kuja Rukwa. Mtumishi wa Serikali alipohamishwa alipewa hati ya safari, tuliyokuwa tukiiita waranti, na kwa ngazi yangu ya mshahara nilistahili daraja la kwanza melini, pamoja na mke na watoto. Baba yangu alikuwa nasi. Alikuja Kigoma kumwona mjukuu aliyezaliwa, na alikuwa anarudi nyumbani. Yeye hakuwemo katika waranti. Tulipofika dirishani karani alisema, "Ndugu mwalimu, hii yako," kisha akamwambia baba, "Ndugu mzee, na hii yako." Sote tulikuwa ndugu siku zile, tangu Azimio la Arusha. Tiketi yangu ilikuwa ya chumba, na ya baba ilikuwa ya daraja la tatu.

Ningeweza kuongeza fedha. Hazikuwa nyingi, na nilikuwa nazo. Ningeweza pia kumpa baba kitanda changu, mimi nikalale chini. Nilijiambia kwamba taratibu ni taratibu, na kwamba mzee amezoea kulala popote. Usiku ule ziwa lilichafuka na mvua ikanyesha. Nililala katika shuka safi nikisikia maji yakipiga ubavu wa meli.

Asubuhi nilishuka kumtafuta. Nilimkuta ameketi juu ya gunia la mtu, nguo zake mbichi, akiwa amekwisha kufanya urafiki na mama mmoja wa Kirando. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitikia, akaniuliza kama watoto wamelala salama. Alikuwa amenitunzia kipande cha samaki wa kuchoma katika jani. Tukala. Baadaye, bila hasira yoyote, akaniambia kwamba baba yake alimbeba mkubwa mmoja katika machela kwa siku nyingi, na aliporudi nyumbani watu wakamuuliza huyo mkubwa alikuwa na sura gani. Hakuweza kuwaambia, maana kitambaa kilikuwa kimefungwa muda wote. Halafu akanyamaza akatazama milima.

Sijui kama alikusudia kunifundisha au alikumbuka tu. Usiku wa pili sikumwita juu. Niliona aibu, na aibu ikanizuia kufanya lile ambalo lingeiondoa. Baba alifariki mwaka 1985, na hatukulizungumza tena.

Mwaka 1987 nilipelekwa masomoni Uingereza kwa miezi tisa. Niliketi nyuma kabisa ya ndege kubwa, karibu na choo, magoti yangu yakigusa kiti cha mbele. Ndege ilipotulia angani, mhudumu alivuta pazia. Tukasikia milio ya glasi na harufu ya chakula ambacho hakikuwa chetu. Sikuwachukia waliokuwa mbele. Nilijiuliza tu kama yupo mmoja wao aliyemwacha baba yake huku nyuma.

Turudi kwa swali la mjukuu. Je, daraja hili lina siku zijazo? Katika mashirika mengi limekwisha kufa, na aliyeliua hakuwa maskini mwenye wivu. Aliyeliua ni ndugu yake mdogo, daraja la biashara. Mwaka 1996 British Airways iliweka katika daraja la kwanza viti vinavyolala sawasawa kama kitanda. Mwaka 2000 ikaweka vitanda katika daraja la biashara pia. Mtu akishapata kitanda, kwa nini alipe zaidi? Kampuni nyingi zikawakataza wakubwa wao kupita hapo. Mwaka 2022 American Airlines ilitangaza kwamba italiondoa daraja la kwanza katika safari zake za kimataifa, na sababu iliyotolewa ilikuwa rahisi: wateja hawalinunui. Shirika letu la Tanzania lilipopokea ndege kubwa ya Boeing 787 mwaka 2018, ilikuwa na viti 262: 22 vya biashara na 240 vya kawaida. Daraja la kwanza halimo.

Hapa kwetu lilipata pigo jingine. Tarehe 20 Novemba 2015 Rais Magufuli alilieleza Bunge, Dodoma, kwamba safari za nje za watumishi wa umma katika miaka miwili ya fedha zilikuwa zimegharimu zaidi ya shilingi bilioni 350. Kiasi kikubwa kilikuwa cha tiketi za ndege. Ikatoka amri kwamba, isipokuwa Rais, Makamu wake na Waziri Mkuu, mtumishi asikatiwe tiketi ya daraja la kwanza wala la biashara. Wengi tulishangilia. Nilishangilia pia, kisha nikakumbuka waranti yangu ya mwaka 1981, nikapunguza sauti.

Hata hivyo halijafa kabisa. Emirates, Singapore Airlines, Air France na Lufthansa wanaendelea kuliuza, na wengine wamelifanya kuwa chumba kizima chenye mlango. Viti vimepungua, lakini kila kimoja kimekuwa kikubwa na ghali zaidi. Na yule tajiri wa juu kabisa ameondoka katika foleni yetu, anakodi ndege yake mwenyewe. Kwa hiyo jibu langu ni hili: jina la daraja la kwanza litaendelea kuonekana katika ndege chache za safari ndefu, na katika nyingine litazidi kufutika. Lakini jambo lenyewe halitafutika, maana linajua kubadili jina. Treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 kati ya Dar es Salaam na Dodoma haikuja na daraja la kwanza, la pili na la tatu kama zile za zamani. Ilikuja na majina mengine, kama daraja la kawaida na daraja la biashara. Tunaona haya kumwambia mtu kwamba yeye ni wa tatu, na hilo ni jema. Lakini kuona haya kutamka neno si sawa na kuliacha tendo.

Simlaumu anayelipa kwa fedha zake. Mgonjwa anahitaji kujinyoosha, mzee mwenye miguu mibovu kama mimi naye anahitaji. Ninayemwogopa ni yule anayelipiwa, akaamini kwamba karatasi iliyompa nafasi imempa na haki ya kutomtazama aliyeko chini. Mimi nilikuwa huyo, na sikuwa mtu mbaya. Nilikuwa na waranti.

Ujenzi wa uwanja wa ndege wa lami hapa Sumbawanga ulipoanza, wazee wengi tulikwenda kutazama magreda yakifanya kazi. Ndege za Q400 ambazo shirika letu hutumia kwa safari za mikoani zina viti 76, na sita kati ya hivyo vipo mbele. Mjukuu wangu amekwisha kuniahidi kwamba siku moja atanikatia tiketi ya mbele, na yeye atakaa nyuma, kwa kuwa kijana hana shida. Nimemwambia asifanye hivyo. Aninunulie ya nyuma, tukae pamoja. Alicheka, akadhani ninabana matumizi yake.