Hotuba Mbili Juu ya Maiti Moja



Wengi wetu tulimjua Shakespeare kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, naye ni Rais. Akaisahihisha, ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mtu aliyeizunguka nchi akihutubia mpaka Uhuru ukapatikana mwaka 1961, aliketi akazipima hotuba za wengine!

Caesar aliuawa Machi 15, mwaka 44 kabla ya Kristo. Katika mchezo, Brutus anawaeleza raia sababu, kwa maneno makavu yaliyopangwa vizuri, nao wanamshangilia. Kisha anamwachia Antony jukwaa na kwenda zake. Kwa maoni yangu ameshindwa hapo hapo.

Antony habishani. Anamwita Brutus mtu wa heshima, anarudia, anarudia tena, hata sifa ikawa tusi. Anauonyesha wosia lakini hausomi, mpaka watu waudai wenyewe. Anashuka, anawaonyesha joho lenye matundu ya visu. Ndipo anausoma: kila raia drakma 75. Wale wale waliomshangilia Brutus wanakwenda kuchoma nyumba.

Walimu wengi huishia hapo. Msiishie. Onyesho linalofuata ni fupi: umati unamkamata Cinna, mshairi, mwenye jina moja na mmoja wa wauaji. Anaapa kwamba yeye siye. Basi, anasema mmoja wao, na araruliwe kwa mashairi yake mabaya.