Majina ya Watu Juu ya Magitaa

Mtu aingiapo katika duka kubwa la ala za muziki, liwe la New York au la London, huyakuta magitaa ya umeme yametundikwa ukutani safu kwa safu, na aghalabu ya yale ya bei ya juu yameandikwa kichwani jina la mpigaji mashuhuri, na pengine si jina tu bali sahihi yake khasa, kwa mwandiko wa mkono wake. Na hapo huzuka suali ambalo wapenzi wa muziki wa roki wamelizozania miaka mingi, kwamba je, mabwana hawa wanaistahiki heshima hiyo, au ni hila tu ya wafanyabiashara ya kuongeza bei juu ya ubao ule ule? Wengi hulijibu kwa mapenzi au kwa chuki, kwa kadiri wanavyompenda au kumchukia mwenye jina. Mimi naona ni bora kuitazama tarikhi ya desturi yenyewe, kwani ndani yake mna mambo ambayo hata wenye maduka hawapendi kuyataja.

Desturi hii ni kongwe kuliko umeme. Katika karne ya 19, mjini Vienna, alivuma Mwitaliano mmoja aitwaye Luigi Legnani, fundi wa kulipiga gitaa la nyuzi za utumbo, na katika karakana ya Stauffer, iliyokuwa maarufu kuliko zote mjini humo, yakatengenezwa magitaa ambayo ndani ya tundu lake hubandikwa karatasi yenye kumwarifu mnunuzi kuwa chombo hicho kimeundwa kwa mfano wa Legnani. Nayo hayakuwa maneno matupu: ubao wa vidole uliinuliwa usikiguse kifua cha gitaa, na shingo iliweza kuinamishwa au kuinuliwa kwa ufunguo mdogo wa kuzungusha, ili mpigaji azikaribishe nyuzi au aziweke mbali kwa khiyari yake. Miongoni mwa waliojifunza kazi kwa Stauffer alikuwamo Mjerumani C. F. Martin, ambaye mwaka 1833 alihajiri kwenda New York na baadaye akahamia Nazareth katika jimbo la Pennsylvania, ambako kampuni yake ingalipo hadi leo. Kwa hivyo ufundi huo wa Vienna uliivuka bahari mapema sana.

Huko Marekani, kampuni ya Gibson ya Kalamazoo, jimbo la Michigan, iliifufua desturi hii mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa kutoa gitaa lenye jina la Nick Lucas, mwimbaji aliyependwa sana katika santuri na redio. Kifua chake kilikuwa kina zaidi kuliko cha magitaa mengine ya umbo lile, na sauti yake nzito zaidi. Lakini yeye hakuwa mtu wa roki, wala roki haikuwa imezaliwa. Na mjadala wetu wa leo khasa asili yake ni mtu mwingine.

Lester William Polsfuss, aliyezaliwa mwaka 1915 katika mji wa Waukesha, jimbo la Wisconsin, na ambaye dunia ilimjua kwa jina la Les Paul, alikuwa mpigaji na vilevile mtundu wa mitambo asiyeweza kukiona chombo bila ya kukifungua. Magitaa ya siku zile yalikuwa na uwazi ndani, na yakitiwa umeme na kukuzwa sauti, ule uwazi hulipokea vumi la kikuza sauti chenyewe na kulirudisha, hata mlio ukawa ni ngurumo isiyozuilika. Yeye akaona dawa ni kuuondoa uwazi. Basi mnamo mwanzo wa miaka ya 1940, ndani ya kiwanda cha Epiphone mjini New York, ambacho wenyewe walimruhusu kukitumia siku kilipofungwa, alitwaa boriti ya msonobari yenye unene wa inchi nne kwa nne, akaitia shingo, nyuzi na sumaku, kisha ubavuni akaipachika vipande viwili vya gitaa la kawaida, si kwa ajili ya sauti, bali kwa ajili ya macho ya watu. Aliupeleka uvumbuzi wake kwa mabwana wa Gibson, nao, kwa masimulizi yake mwenyewe, wakamcheka.

Kicheko kilikoma mwaka 1950, wakati Leo Fender, fundi wa redio wa Fullerton, California, alipoanza kuuza gitaa la ubao mtupu usio na uwazi, na wapigaji wakalinunua. Gibson, chini ya uongozi wa Ted McCarty, ilitambua kuwa imetanguliwa, na hapo ndipo ilipomkumbuka Les Paul, ambaye wakati huo pamoja na mkewe Mary Ford alikuwa katika kilele cha umaarufu. Mkataba ukaandikwa: kampuni itaweka jina lake juu ya gitaa jipya na kumlipa ujira kwa kila moja litakalouzwa, naye hataonekana mbele ya watu na gitaa la mwingine. Gitaa lenyewe, kifua chake kimepakwa rangi ya dhahabu, likatoka mwaka 1952.

Sasa tuulize: katika gitaa hilo, Les Paul alikuwa na sehemu gani? McCarty aliishi akisema kwamba lilibuniwa na mafundi wa Kalamazoo, na kwamba mwenye jina aliletewa likiwa tayari. Les Paul naye aliishi akisema vingine. Wote wawili wameshakufa na mzozo wao haukukatwa. Lakini sehemu moja haina mabishano, nayo ni kile chuma cha kushikia nyuzi upande wa chini, ambacho kwa yakini kilikuwa wazo lake; na la kustaajabisha ni kwamba sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa mbovu kuliko zote. Kwa vile kiwanda kiliiweka shingo bila ya mteremko wa kutosha, nyuzi zililazimika kupita chini ya chuma badala ya juu yake, na mpigaji akawa hawezi kuulaza mkono wake juu ya nyuzi ili kuuzima mlio, jambo ambalo mpigaji wa umeme hulihitaji kila dakika. Haukupita muda mrefu kikabadilishwa. Ule mlio mnene ambao leo watu huuita mlio wa Les Paul ulipatikana zaidi kutokana na sumaku pacha zisizovuma, alizozibuni Seth Lover, mhandisi wa Gibson, na zikaanza kutiwa katika gitaa hili mwaka 1957. Na jina la Seth Lover halikuandikwa kichwani mwa gitaa lo lote.

Isitoshe, baada ya miaka ya mwanzo gitaa hilo halikuuzika vizuri. Yale ya rangi ya machweo yaliyotengenezwa baina ya 1958 na 1960, ambayo siku hizi tajiri huyanunua kwa mamia ya maelfu ya dola, wakati wake yalilala madukani, hata Gibson ikakata shauri mwaka 1961 kulibadilisha umbo kuwa jembamba lenye pembe mbili. Les Paul hakulipenda umbo hilo, na haukupita muda jina lake likaondolewa. Lililolifufua lile la zamani si ustadi wa mwenye jina wala hekima ya kampuni. Ni kijana wa Kiingereza, Eric Clapton, aliyelipata moja lililokwisha tumika, akalifungua kwa sauti kubwa kuliko adabu ya studio za zama zile, na akarekodi nalo, pamoja na bendi ya John Mayall, santuri iliyotoka mwaka 1966. Kuanzia hapo kila kijana wa London alilitafuta gitaa lisilotengenezwa tena, na mwaka 1968 Gibson ikalazimika kulirudisha. Jina, basi, lilikuwa la mtu mmoja, ufundi wa wengine, na thamani ikatiwa na wengine kabisa.

Chet Atkins naye, bingwa wa gitaa wa Nashville, alipatana na kampuni ya Gretsch, nayo mwaka 1955 ikamletea gitaa la rangi ya machungwa lililochorwa vichwa vya ng'ombe na miti ya mpungate na kupigwa chapa ya herufi ya G mfano wa chapa ya mifugo, kwa kuwa wenye kampuni waliamini kwamba mtu wa muziki wa mashamba hana budi kuwa mchunga ng'ombe. Atkins, mtu mtaratibu aliyependa suti nzuri, aliyachukia mapambo hayo, na kidogo kidogo akayafanya yaondolewe. Baadaye likaja gitaa lake jingine, lililoitwa Muungwana wa Mashamba, na George Harrison wa Beatles alipoonekana nalo katika televisheni ya Marekani mwezi wa Februari 1964, Gretsch ilipata maombi mengi kuliko uwezo wa mafundi wake.

Hadi hapa yaweza kudhaniwa kuwa nia yangu ni kusema kwamba wote hawastahiki, na sivyo. Mtazame B. B. King. Huyu, akiwa kijana katika kijiji cha Twist, Arkansas, mwaka 1949, alikimbia nje ya ukumbi uliokuwa ukiungua, kisha akarudi ndani ya moto kulitwaa gitaa lake. Na alipojua kuwa moto ulisababishwa na wanaume wawili waliopigana kwa ajili ya mwanamke aitwaye Lucille, akalipa gitaa jina hilo, na kila gitaa alilolimiliki baada yake, ili asisahau upumbavu ule. Hadithi ni tamu, lakini haimpi mtu istihaki. Istihaki yake inatokana na vitambaa. Magitaa aliyoyapenda yalikuwa na matundu mawili kifuani, nayo yalileta lile lile vumi la kurudi lililomsumbua Les Paul, basi King kwa miaka mingi aliyaziba kwa kuyashindilia vitambaa. Gibson ilipomtengenezea gitaa la jina lake mwaka 1980, ilifanya jambo moja la akili: ilikiacha kifua kizima bila ya matundu. Hapo jina ni maelezo ya haki, kwani anayelinunua gitaa hilo hununua jawabu la shida ambayo mwenye jina aliishi nayo jukwaani usiku baada ya usiku.

Kadhalika Brian May wa bendi ya Queen, ambaye mwaka 1963, angali mwanafunzi, alianza pamoja na baba yake kuchonga gitaa nyumbani, kwa kuwa hawakuwa na fedha za kununua la Kimarekani. Shingo waliichonga kutoka katika mbao za meko ya kale, na springi zake zilikuwa za vali za pikipiki. Kampuni iliyokuja kuliiga miaka ya 1980 haikuwa na la kumfundisha.

Baada ya hao mlango ulifunguliwa wazi. Fender, ambayo kwa miongo karibu minne ilikataa kumwandika mtu juu ya magitaa yake, ilianza mwaka 1988 na Clapton, aliyetaka shingo ya umbo alilolizoea na kiungo cha umeme cha kuinenepesha sauti, na mwaka huo huo ikamfuatishia Yngwie Malmsteen, Mswidi, aliyetaka ubao wa vidole uchimbwe mabonde baina ya vyuma vyake. Maombi hayo yalikuwa ya wapigaji kweli kweli. Walakini walioandikwa baada yao ni wengi mno, na wengi wao hawakutaka ila rangi. Aibu kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ya Slash wa Guns N' Roses: gitaa alilorekodia santuri ya bendi hiyo ya mwaka 1987, ambayo mlio wake uliwarudisha maelfu ya vijana kwa Gibson, halikuwa la Gibson hata kidogo, bali nakala iliyoundwa na fundi wa California aitwaye Kris Derrig, aliyefariki mwaka ule ule. Kampuni ikafaidika kwa kazi ya mwigaji wake, kisha ikaiuza sahihi ya Slash.

Na Jimi Hendrix, aliyefariki mwaka 1970 bila ya gitaa lo lote la kiwandani kuwa na jina lake, alipiga kwa mkono wa kushoto gitaa la mkono wa kulia lililopinduliwa; basi mwaka 1997 Fender ilitoa gitaa la kumkumbuka lililogeuzwa, na jina la kampuni kichwani likaandikwa kinyume, ili mnunuzi wa mkono wa kulia, akisimama mbele ya kioo, ajione mfano wa Hendrix. Sijui hoja iliyo dhahiri zaidi ya kuonyesha ni kitu gani kinachouzwa.

Sisi wasemao Kiswahili tunaye Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 na santuri zake kutolewa na Gallotone ya Afrika Kusini, kampuni ambayo jina lake lilikuwa pia juu ya gitaa la bei rahisi alilokuwa nalo kijana John Lennon wa Liverpool mwaka 1957. Kwa gumba na kidole cha shahada tu, Mwenda alifungua njia ambayo wapigaji wa Nairobi waliifuata, na wala hakuna aliyehitaji kusoma sahihi juu ya ubao ili kuujua mkono wake.

Hukumu yangu, basi, ni hii: anastahiki jina yule ambaye chombo kilimpungukia, akakidai kibadilike, na kikabadilika kwa manufaa ya wengine. King anaingia, May anaingia, Malmsteen anaingia hata kama humpendi. Les Paul anaingia kwa ajili ya boriti ile ya msonobari, si kwa ajili ya gitaa la mwaka 1952. Waliobaki na waridhike na ujira wao. Nawe msomaji, ukiwa na mwana anayeomba anunuliwe gitaa lenye jina la shujaa wake, mwambie muuzaji akuoneshe lile lile lisilo na jina, ulipime shingo kwa mkono, uulize tofauti ya bei, na akikosa kukutajia tofauti ya kazi, lipa ya ubao.