Daftari la Belge na Majina Yasiyojulikana

Mtaa wa Bwiza katika mji wa Bujumbura, ambao wazee wake hata leo huuita Belge kwa jina lake la kwanza, ulijengwa na wageni na kuandikwa daftarini na wageni wengine, na tangu siku hizo swali la nani yumo ndani ya ua, na kwa idhini ya nani, halijapata kuupa raha. Wabelgiji, walioitwaa Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, mikononi mwa Wajerumani mwaka 1916, waliwahamishia Buyenzi Waswahili waliokuwa wamekaa karibu na ufuko wa Ziwa Tanganyika; na kando ya Buyenzi ukainuka mtaa wa Belge, makao ya Waafrika wengine waliofuata kazi mjini, Warundi, Wakongo na Wanyarwanda, njia zake zikanyoshwa na kupewa nambari. Watu hao, ambao hawakuwa na mila moja wala mtawala mmoja wa asili, waliunganishwa na mambo mawili: Kiswahili, walichokichagua wenyewe, na daftari, ambalo hawakulichagua.

Utaratibu wa daftari hilo ulitoka Kongo, ambako Wabelgiji waliuweka kwa amri ya mwaka 1931, na Usumbura nayo ikautwaa baadaye. Mtaa wa Waafrika ulihesabiwa kuwa mahali nje ya mila, na aliyetaka kukaa humo ilimpasa aandikishwe na apewe ruhusa. Karani aliuliza jina, kazi na asili ya mtu. Asilouliza halikuingia, na asiyeandikwa alikuwa mtu asiyejulikana, ijapokuwa jirani zake walimjua baba yake na babu yake.

Ubaya wa dhana hiyo, kwamba kisichomo daftarini hakimo duniani, ulidhihirika katikati ya miaka ya 1950. Serikali, ambayo wakati huohuo ilikuwa ikipiga vita ndoa za mitara kwa amri ya mwaka 1950, iliwatoza kodi wanawake ambao karatasi za serikali hiyo ziliwaeleza kuwa wakaao peke yao kwa nadharia. Ibara ya ajabu, maana yenyewe ilikiri kwamba mwandishi wake hakuwa na yakini. Katika fungu hilo moja walitiwa wajane, watalaka, na wake ambao ndoa zao sheria haikuzitambua, bega kwa bega na wanawake wanaouza miili yao. Waislamu wa Buyenzi, mtaa unaopakana na Belge, walilikataa jambo hilo hadharani. Fedha ziliwauma, lakini kilichowachoma zaidi ni fedheha: mjane mwenye heshima zake, aliyejulikana na mtaa mzima kwa sala na kwa biashara yake ndogo, kuwekwa safu moja na malaya kwa sababu tu kwamba mbele ya jina lake palikosekana jina la mwanamume. Sijui sura nyingine katika taarikh ya mitaa hii inayostahili kusomwa polepole kuliko hiyo.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1962 daftari la mkoloni lilikwenda zake, illa fikra yake ilibaki. Hata hivyo si kila kitu nyumbani kiliuliza nani yumo: televisheni ilianza Burundi mwaka 1984, na kwa miaka mingi sanduku moja lilitosha ua mzima, wala hapakuwa na haja ya kuwahesabu watazamaji, kwa kuwa sanduku lenyewe lilipokea tu, halikuweza kujua ni macho mangapi yalilitazama. Kisha, katika misukosuko ya kisiasa ya mwaka 2015 na iliyofuata, ikashika nguvu kaye ya nyumba, ambayo mwenye nyumba hutakiwa kuandika ndani yake wakaao kwake na wageni walalao, na polisi wakija huisoma na kuhesabu vichwa.

Daftari la sasa halimngoji karani. Nyaya za baharini zilizofika pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 2009 na 2010 zimeuleta mtandao mpaka bara, na penye Waifai na runinga ya kuchezea filamu, ruta hujiandikia yenyewe kila chombo kinachoingia. Anwani ya tarakimu na herufi kumi na mbili hukitambulisha chombo, na sita za kwanza hutaja kampuni iliyopewa fungu hilo la anwani. Lakini kampuni hiyo aghalabu ni iliyotengeneza kadi ya redio iliyofichwa ndani, wala si ile ambayo jina lake limenakshiwa usoni. Hivyo mwenye nyumba hufungua orodha akakuta Hon Hai au AzureWave, majina asiyoyanunua dukani, akatishika kwamba mwizi yumo, kumbe ni runinga yake mwenyewe iliyoandikwa kwa jina la mwingine. Tiba yake ni subira: azime vyombo kimoja kimoja, na kila akizima aitazame orodha, aone ni jina gani limetoweka.

Simu zina hila zaidi. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, nyingi hujivika anwani ya kubuni, ili mtu asifuatwe kutoka mtandao hadi mtandao. Na alama ya anwani hiyo ni kwamba herufi au tarakimu yake ya pili huwa 2, 6, A au E. Anayeiona alama hiyo anajua kwamba chombo kimejifunika, ila hajui ni cha nani, na hapo elimu ya ruta imefika kikomo. Katika ua wenye vyumba vya wapangaji, ambamo kijana wa chumba cha nyuma alipewa neno la siri na mtoto wa mwenye nyumba, na binamu yake akalipata kwake, njia ya mkato ni kulibadilisha neno hilo na kungoja hodi. Mwenye ruhusa hatakawia kuja kuuliza. Na watakaobisha hodi huenda wakawa wengi kuliko majina yaliyokuwa katika orodha, kwa kuwa simu moja yaweza kuzigawia nyenzake mtandao, na ruta ikaiona hiyo moja tu.